Namna ya kuagiza na kula kwenye mkahawa wa kari wa mtaani Uingereza

Karibu kila mji wa Uingereza una mkahawa wa kari, hata ule mji wenye barabara moja tu ya maduka. Bei zake ni za watu wa kawaida, wahudumu wake huwajua wateja kwa sura na majina, na mtu hakai pale kwa kujibana kama yuko kwenye hoteli kubwa. Kinachomshinda mgeni ni menyu. Ina vyakula mia na zaidi, majina yanafanana, na mwisho wake watu wanne huagiza michuzi minne yenye ladha moja, wali unabaki nusu, na bili inawashtua.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake wa ziada. Pilau, chapati, biriani na sambusa anavijua tangu utotoni, kwa hiyo huagiza bila kuuliza, na kinachowekwa mezani si kile alichokula Tanga au Mombasa. Ukishajua jiko la mikahawa hii linavyofanya kazi, matatizo haya yote mawili huisha.

Kabla ya kuketi

Tazama kibandiko cha usafi kwenye kioo cha mlango. Ni cha kijani na nyeusi, chenye namba kuanzia 0 hadi 5. Namba 5 ni ya juu kabisa, 3 ina maana hali inaridhisha kwa jumla, na chini ya hapo ni afadhali utafute pengine. Wales na Ireland ya Kaskazini sheria inamlazimisha mwenye mkahawa kukionyesha. England haimlazimishi, kwa hiyo asiyefurahia namba yake anaweza kukiweka kabatini. Usipokiona, tafuta jina la mkahawa kwenye tovuti ya Food Standards Agency, ambako namba zote ziko wazi kwa kila mtu. Skotilandi ina utaratibu wake: mkahawa ama umepita, ama umeambiwa urekebishe. Alama hizi hupima usafi, utunzaji wa chakula na hali ya jengo. Hazisemi lolote kuhusu ladha.

Mikahawa mingi hufunguliwa saa kumi na moja jioni au nusu saa baadaye, na hufungwa saa tano usiku. Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa mbili usiku, jiko huelemewa na oda za mezani pamoja na za kubeba nyumbani, na hapo ndipo michuzi hutoka miepesi kwa sababu mpishi hakupata muda wa kuikausha. Nenda kati ya Jumanne na Alhamisi. Siku hizo ndipo wengi huweka pia usiku wa bei moja: kitafunio cha mwanzo, mlo mkuu, wali au naan, pengine na kahawa. Ofa hiyo inalipa kweli, ila soma maandishi madogo chini ya ukurasa, maana kamba wakubwa na sahani za nyama mchanganyiko za tanuri mara nyingi huongezewa pauni kadhaa.

Unapopiga simu kuweka meza, uliza kama nyama ni halali. Wenye mikahawa wengi ni Waislamu na nyama huwa halali, lakini si kote, na hata penye nyama halali pombe inaweza kuwa inauzwa. Uliza pia habari ya vinywaji: baadhi hawana leseni na humruhusu mteja aje na chupa yake, wengine hutoza ada kwa kila chupa, na wengine hawataki pombe ndani kabisa. Kama kuna mwenye mzio wa chakula katika kundi lenu, mtaje hapo hapo kwenye simu.

Mchuzi mama

Mikahawa hii huitwa ya Kihindi, lakini mingi ilianzishwa na watu wa Sylhet, kaskazini mashariki mwa Bangladesh ya leo. Mabaharia wa Kisylheti waliofanya kazi kwenye meli za Waingereza, wengi wao wakichochea makaa kwenye tanuri za injini, walianza kulowea London kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Baada ya vita, wao na jamaa zao wakanunua migahawa midogo ya mtaani. Wateja walikuwa Waingereza waliotoka baa usiku, wakitaka chakula cha moto, cha haraka na cha bei ndogo. Jiko likapangwa kwa haja hiyo, na mpaka leo limebaki hivyo.

Mchana, kabla ya kufungua, mpishi huchemsha vitunguu maji kwa sufuria kubwa pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, mafuta, nyanya kidogo, manjano na bizari nyingine, mara nyingi na karoti au pilipili hoho. Vikilainika kabisa husagwa, vikawa mchuzi laini, mwepesi, wa rangi ya dhahabu, usio na ukali wowote. Huo ndio mchuzi mama. Pembeni yake kuna kuku aliyekwisha kuchemshwa kwa viungo, nyama ya mwanakondoo iliyopikwa taratibu ikaiva, viazi, na vipande vya tikka, yaani minofu iliyolowekwa viungo, vilivyochomwa tanurini. Oda yako ikiingia, mpishi hushika kikaango kimoja na kukiweka kwenye moto mkali: mafuta, kitunguu saumu na tangawizi, bizari ya unga, nyanya ya kopo, kisha mchuzi mama upawa mmoja baada ya mwingine, akingoja kila upawa ukauke na mafuta yajitenge kabla ya kumimina unaofuata. Nyama huingia, na kwa muda wa dakika kumi hivi chakula kiko tayari.

Kwa kuwa kila oda ina kikaango chake, unaweza kuomba upendavyo: apunguze pilipili, aongeze limau, atie mchicha, akaushe zaidi. Mchuzi wowote hupikwa na nyama yoyote. Menyu huandika bhuna ya kuku, bhuna ya mwanakondoo na bhuna ya kamba kama vyakula vitatu, na hivyo ndivyo inavyofika mia. Usichoweza kupata ni mchuzi usio na kitunguu, maana kimo ndani ya kila kitu. Asiyekula kitunguu wala kitunguu saumu, kwa mzio au kwa mwiko wa dini kama walivyo Wajaini, aende kwenye mkahawa wa Kigujarati, ambako ombi hilo ni la kila siku.

Tofauti ya mchuzi mmoja na mwingine basi iko kwenye vile vinavyotiwa mwishoni. Ndiyo maana inafaa kuagiza kwa familia, mchuzi mmoja kutoka kila familia, badala ya kuchagua majina.

Familia za michuzi

Familia ya krimu ina korma, pasanda, tikka masala na makhani. Korma ni nazi, unga wa lozi, krimu na sukari. Ni tamu, na watoto huipenda. Tikka masala huonekana nyekundu, lakini wekundu huo ni wa nyanya na rangi ya chakula, hauna pilipili ya kutisha. Meza moja inahitaji mchuzi mmoja tu wa aina hii. Mmoja akiagiza korma, wa pili pasanda na wa tatu tikka masala, mmelipia kitu kimoja mara tatu, na kufikia nusu ya mlo kila mtu atakuwa amekinai.

Familia ya kitunguu na nyanya ndiyo iliyo karibu zaidi na mchuzi wa nyumbani kwetu. Bhuna ni mchuzi uliokaushwa mpaka ukaishika nyama. Rogan josh ina nyanya zaidi. Dopiaza huongezewa mapande ya kitunguu yaliyokaangwa juu ya kile kilichosagwa. Hapa ndipo pa kupimia mpishi: safari ya kwanza agiza bhuna ya mwanakondoo. Ikiwa nzuri, mafuta yamejitenga pembeni, mchuzi umeng'ang'ania nyama, na nyama inakatika kwa uma. Ikija na maji maji na ladha ya bizari mbichi inayokwaruza koo, mpishi aliharakisha, au hajui kazi. Mkahawa unaoweza bhuna unaweza karibu kila kitu kingine.

Dhansak na pathia ni za uchachu na utamu. Dhansak ya asili ni chakula cha Waparsi, nyama iliyopikwa muda mrefu na adesi na mboga. Ya mkahawani ni mchuzi mama uliotiwa adesi, limau na sukari, wakati mwingine na kipande cha nanasi. Ni nzito, kwa hiyo mkiiagiza msichukue tena dali ya pembeni.

Kisha kuna familia ya ukali: madras, vindaloo na phall, kwa ngazi hiyo. Vindaloo ya Goa ni nyama ya nguruwe iliyolowekwa kwenye siki na kitunguu saumu. Ya mkahawa wa mtaani ni mchuzi wa aina ya madras ulioongezewa pilipili na viazi, na nyama yake ni kuku au mwanakondoo, hivyo Mwislamu asiikimbie kwa sababu ya jina. Phall ni ukali mtupu na hatuioni sababu ya kuilipia. Jalfrezi ni jambo jingine: pilipili mbichi za kijani, hoho na kitunguu, vyote vikiwa bado vina ukakamavu, na harufu yake huamsha hamu. Michuzi ya naga hupikwa kwa pilipili inayolimwa Sylhet na Assam. Ni kali sana, lakini ina harufu ya tunda ambayo pilipili nyingine hazina, na anayeweza kuvumilia ataipenda.

Mtu wa pwani au wa bara kwetu amezoea pilipili iwe pembeni, ajitilie mwenyewe. Fanya vivyo hivyo: agiza bhuna au rogan josh, omba pilipili mbichi kwenye kisahani, na ongeza mwenyewe. Ukali ukikuzidi, usinywe maji. Kiini cha ukali wa pilipili hakiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo maji huusambaza mdomoni. Bia nayo haisaidii. Maziwa, mtindi au lassi (kinywaji cha mtindi) isiyo na chumvi ndiyo dawa, na kijiko cha wali mtupu pia husaidia.

Neno balti linahitaji maelezo. Balti yenyewe ni ya Birmingham, ilianza miaka ya 1970 kwenye mikahawa ya Wapakistani katika vitongoji vya Sparkbrook, Sparkhill na Balsall Heath. Hupikwa kwa moto mkali kwenye karai jembamba la chuma, kwa mafuta ya mboga badala ya samli, na huletwa mezani ndani ya karai lile lile, bado inatokota. Huliwa kwa naan, bila wali. Ukikuta balti kwenye mji mwingine, angalia karai: likiwa jeusi kwa moto na huwezi kuligusa, ndiyo yenyewe. Likiwa linang'aa na lina vuguvugu tu, umeletewa bhuna yenye hoho ndani ya chombo cha mapambo.

Na usiku wa kimya, muulize mhudumu wafanyakazi wenyewe watakula nini. Mara nyingi jikoni kuna sufuria ya chakula cha nyumbani cha Kibangladeshi ambacho hakimo kwenye menyu: samaki wa mto, au nyama yenye mifupa iliyopikwa na shatkora, tunda la jamii ya ndimu lenye ganda nene linalopendwa sana Sylhet. Uliza kwa heshima, na ukubali ukiambiwa hakitoshi. Wakikukubalia, utakula chakula bora kuliko chote kilichoandikwa.

Wali na mikate: majina yale yale, vitu tofauti

Pilau ya hapa haina nyama, viazi wala rangi ya kahawia. Ni wali wa basmati uliotiwa mdalasini, iliki na jani la bay, na punje kadhaa zimetiwa rangi ya njano au nyekundu. Ni wali wa kulia mchuzi, na kwa kazi hiyo unafaa. Biriani ndiyo inayowachanganya watu wetu zaidi. Sisi tumezoea wali na masala ya nyama vikija kando, au wali uliofukizwa juu ya nyama. Mikahawa mingi ya mtaani hukaanga pilau pamoja na nyama kwenye kikaango, kisha huileta na bakuli la mchuzi wa mboga. Ni mlo kamili wa mtu mmoja, tena mkubwa, na mchuzi umo ndani ya bei. Anayeagiza biriani asiagize wali wala mchuzi mwingine.

Chapati yao ni nyembamba, kavu, haina mafuta. Unayoitamani, yenye tabaka na mafuta, humu huitwa paratha. Naan hupigwa ukutani mwa tanuri, na ni nzuri dakika tano za kwanza tu, baada ya hapo huwa ngumu. Kwa hiyo omba naan ziletwe pamoja na michuzi, zisitangulie. Naan ya peshwari imejazwa nazi, lozi na zabibu kavu na ni tamu. Inapendeza na mchuzi mkali, lakini ukiila na korma utakuwa unakula kitindamlo. Naan ya keema imejazwa nyama ya kusaga na inatosha watu wawili.

Vyakula vya pembeni ni nusu ya ukubwa wa mlo mkuu na karibu nusu ya bei, na hapo ndipo pana thamani kubwa zaidi: dali iliyomiminiwa kitunguu saumu cha kukaanga, bamia, biringani, chana (aina ya dengu), viazi na mchicha. Asiyekula nyama achukue viwili badala ya mchuzi mmoja wa mboga. Atakula vitu viwili tofauti kwa karibu bei ile ile.

Papadom, vitafunio na hesabu

Ukiketi utaulizwa kama unataka papadom, yale mapande membamba ya unga wa dengu au choroko yanayovunjika ukiyagusa. Huja na trei ya achari ya maembe, achari ya ndimu, mtindi wenye nanaa na kachumbari ya vitunguu. Si bure. Kila papadom ina bei yake, na mikahawa mingi hutoza trei kwa kila mtu. Moja kwa kila mtu inatosha; ya pili huondoa njaa kabla chakula hakijaja. Trei mwambie aiache mpaka mwisho wa mlo, maana ile achari ya ndimu na bhuna vinapatana sana.

Vitafunio vya mwanzo agizeni kimoja kwa watu wawili. Bhajia za vitunguu huwa tatu au nne kwa sahani. Sambusa huwa mbili. Ukitaka kitu kilichopikwa wakati huo huo, chagua cha tanuri: mbavu za mwanakondoo, sheek kebab, au robo kuku wa tandoori mwenye mfupa, ambaye hubaki na majimaji kuliko minofu ya tikka.

Kwa meza ya watu wanne wenye njaa ya kawaida, oda hii inatosha na kubaki: papadom 4, vitafunio 2, michuzi 3 kutoka familia tatu, dali 1, pilau 2 na naan 2. Tuchukue bei za mfano: papadom pauni 1, trei moja ya meza nzima pauni 3, kitafunio 5.50, mchuzi 11, dali 5.50, pilau 3.75, naan 3.50. Jumla ni pauni 71, yaani 17.75 kwa kila mtu. Kila mmoja akijiagizia kitafunio, mchuzi, wali na naan yake, pamoja na papadom na trei ile ile, bili inafika pauni 102, na nusu ya wali na mikate itarudi jikoni. Mwambieni mhudumu mapema kwamba mnakula kwa pamoja, ili aweke vyakula katikati na awaletee sahani tupu zenye moto.

Mzio wa chakula

Hapa hakuna utani. Sheria ya Uingereza inaorodhesha vyakula 14 vinavyosababisha mzio, na mkahawa unatakiwa uweze kukuambia ni chakula gani kina kipi. Kwenye jiko la kari vya kuangaliwa zaidi ni lozi, korosho, karanga, maziwa, haradali na ufuta. Samli na krimu ni maziwa. Unga wa haradali unaweza kuwa ndani ya bizari. Mafuta ya kukaangia bhajia ndiyo hayo hayo yaliyokaanga vitu vingine vyote. Unga wa lozi ni ghali, na wapo waliouchanganya na wa karanga ili kupunguza gharama: mwaka 2016 mwenye mikahawa mmoja wa North Yorkshire alifungwa miaka sita baada ya mteja mwenye mzio wa karanga kufa kwa chakula cha namna hiyo. Sema kwenye simu, rudia kabla ya kuagiza, na mwombe mhudumu aende kuuliza jikoni. Akijibu kwa kubahatisha, inukeni. Mwenye mzio mkali wa karanga au lozi aepuke kabisa familia ya krimu na naan ya peshwari, kwa sababu ndimo unga huo unamotiwa, na akumbuke kwamba huruka na kugusa vyombo vingine pia.

Mezani, na mambo yakienda kombo

Kula kwa mkono hakumshangazi mtu. Nawa, tumia mkono wa kulia, na kama vidole vimezoea ugali, naan haitakusumbua. Wahudumu wa Kibangladeshi wengi huitana bhai, yaani kaka, na mteja akiwaita hivyo hupokewa vizuri. Ukiwa Mwislamu, salamu ya kawaida inatosha kufungua mazungumzo. Ukitaka maji ya bomba, omba. England, Wales na Skotilandi mkahawa wenye leseni ya kuuza pombe unawajibika kisheria kukupa bure.

Chakula kikija sivyo, sema baada ya matonge mawili, si baada ya nusu bakuli. Kwa sababu kikaango ni kimoja na kazi ni ya dakika chache, karibu kila kasoro inarekebishika. Kikiwa kikali mno, mpishi ataongeza mtindi au krimu. Kikiwa kitamu mno, limau. Kikiwa chepesi, kitarudi motoni kukaushwa. Kisichorekebishika ni nyama ngumu, kwa kuwa ilipikwa mchana. Hiyo rudisha na uombe kingine. Mafuta kidogo yanayoelea juu si kasoro, ni dalili kwamba mchuzi ulipikwa ukaiva. Yakiwa dimbwi, yaondoe kwa kijiko au mwombe mhudumu ayapunguze.

Bili

Isome kabla ya kulipa. Angalia papadom za ziada, trei iliyotozwa kwa kila mtu, na mstari wa ada ya huduma, mara nyingi asilimia 10 au 12.5. Ikiandikwa kuwa ni ya hiari, unaweza kuomba iondolewe kama huduma ilikuwa mbaya. Ikiwa imo, hakuna haja ya bakshishi nyingine. Ikiwa haimo, asilimia 10 ndiyo desturi. Tangu Oktoba 2024 sheria ya England, Skotilandi na Wales inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote bila kukata chake, iwe ni taslimu aliyoishika yeye au ya kadi. Ukichukua chakula mwenyewe kwenda nacho nyumbani, uliza punguzo. Wengi hutoa asilimia 10 au zaidi kwa anayekuja kuchukua.

Ukiwa Leicester au Wembley

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka. Maelfu walifika Uingereza, na wengi walikaa Leicester, ingawa halmashauri ya mji huo ilikuwa imeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije. Wenzao kutoka Kenya na Tanzania walikuwa wamekwisha kuanza kuhamia Uingereza. Ndiyo maana kwenye Belgrave Road ya Leicester na Ealing Road ya Wembley, London, utakuta menyu inayosomeka kama ya kwetu: mogo, ambao ni muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, bhajia za viazi vya vipande, mishkaki, na kuku paka, yaani kuku wa kupaka wa nazi.

Kanuni za hapo ni tofauti. Mikahawa mingi ya Kigujarati haipiki nyama kabisa wala haitumii mchuzi mama, kwa hiyo hesabu ya familia haina kazi. Agiza thali: sahani moja yenye mboga mbili au tatu, dali, wali, mikate na kitu kitamu, na baadhi ya mikahawa hukuongezea bila malipo. Mogo uliopikwa vizuri ni mlaini ndani na unavunjika kwa nyuzi. Ukiwa mgumu kama ubao, ulikaangwa bila kuchemshwa kwanza. Wazee wengine wenye maduka na mikahawa hiyo bado wanazungumza Kiswahili cha Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, kwa hiyo jaribu kusalimia kwa Kiswahili kwanza.

Mabaki

Usione haya kuomba ufungiwe. Mchuzi na dali hubebeka vizuri: viingize kwenye friji mara ufikapo nyumbani, vile ndani ya siku mbili, na vipashe mara moja tu, mpaka vitoe mvuke kote. Wali ni heri uumalize mezani. Huenda ulipikwa mapema na kupashwa jikoni, na kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la chumba, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Naan iliyokauka inyunyizie maji kidogo pande zote mbili na uiweke kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, nusu dakika kila upande. Usitumie maikrowevu, maana ikipoa itakuwa kama ngozi.